SOMO: Kuomba ufadhili unaotolewa na wahitimu wa chuo kwa wanafunzi wa digrii mpya ya biashara (soma yote ndo uulize)

Habari zenu wana Mwanza na wote wa ukanda wa ziwa. Matokeo ya fomu siksi yakitoka tu inboksi yangu inajaa swali moja, "kaka ile skolashipu ya wale waliosoma zamani naombaje", sasa naandika hapa mara moja tu, wa Geita, Mara, Sengerema, Ukerewe wote chukueni hapa hapa. Nipo kwenye kamati ya wahitimu inayosoma haya maombi kwahiyo naongea ninachokiona.

Muelewe kwanza hela inatoka wapi. Sio ya serikali wala ya Bodi ya Mikopo. Ya Bodi ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Hii hairudishwi, ni watu waliomaliza chuo wanachanga mifukoni mwao, na ndo maana wanataka kumjua wanayemsomesha.

1. Vigezo. Prinsipali mbili (masomo mawili ya fomu siksi uliyofaulu kwa A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), halafu angalia masharti ya kozi yenyewe.

2. Omba chuo kwanza. Bila udahili hakuna ufadhili.

3. Digrii ikiwa mpya, fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu utafute jina la chuo, jina la kozi na namba yake (code). Brosha nzuri sio idhini. Kozi haimo mle, usilipe hata shilingi.

4. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo). Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho.

5. Barua ya maelezo. Hapa ndo wengi wanaanguka, tena wenye ufaulu mzuri kabisa. Barua nyingi zinafanana neno kwa neno, "mimi ni mtoto wa familia duni nina ndoto ya kuwa mfanyabiashara mkubwa", ukisoma ya kumi hujui nani ni nani. Kuna binti aliandika kuhusu dagaa za mama yake. Mama anaanika mchangani, akifika soko la Mwaloni Kirumba mnunuzi anachota kiganjani, anapuliza, akiona mchanga bei inashuka pale pale, wakati jirani anayeanika kwenye chanja anauza bila kubishana. Akaandika chanja moja inataka miti mingapi, nyavu chakavu kiasi gani, misumari, na itajilipa baada ya mauzo mangapi. Ukurasa mmoja tu! Kamati nzima ilimkumbuka. Kwahiyo andika biashara unayoiona kwa macho yako, weka hesabu, sema unakwama wapi na hiyo digrii itakusaidia nini. ONYO: usinakili ya mwenzio, tunazisoma zote mezani pamoja. ONYO la pili: usizidishe umaskini, tunampigia mwenyekiti wa mtaa.

6. Ukipata, kabla hujasaini uliza: inalipa ada tu au na malazi? Miaka yote mitatu au mwaka wa kwanza tu? GPA (wastani wa alama zako chuoni) ikishuka inakuwaje? Uliza pia kama ni mfuko uliowekezwa na wanatumia faida yake, au ni michango ya kila mwaka. Michango inapanda na kushuka, na kwa kozi mpya mara nyingi kuna ahadi nyingi kuliko hela iliyoshafika benki. Ukiwa kundi la kwanza, ulipwaji wa mwaka wa pili na wa tatu uwe kwenye maandishi.

7. Tuma mapema, tunza uthibitisho. Hakuna anayelipwa "kukufatilia".

MASWALI

Mabula wa Igoma: mkuu naomba linki

Mleta somo: Ya chuo gani? Rudi namba 2.

Kijana Geita: hapo kwa wa kufatilia huwa ni sh ngapi?

Mleta somo: Namba 7. Ukimpa mtu hela umeibiwa.

Mama Kulwa: Mwanangu, cheti cha kuzaliwa kinasoma Kulwa Masanja ila cha fomu foo ni Kulwa Joseph. Tumekwisha?

Mleta somo: Shikamoo mama. Hamjakwisha, ila anzeni kesho. Nendeni kwa wakili awaandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, halafu majina yote yafuate cheti cha shule. Msisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Na pacha wake Doto mwangalieni vyeti vyake sasa hivi, kama tatizo ni hilo hilo waende pamoja.

Duka Buzuruga: Kwahiyo sisi tusio na dagaa hatupati? Mnapendelea

Mleta somo: Wapi nimeandika dagaa ni sharti? Baba yako ana duka, andika daftari la madeni lilivyo, nani analipa na nani halipi. Soma namba 5 taratibu.

Mwana diploma: mimi sina fomu siksi, nina diploma

Mleta somo: GPA 3.0 kwenda juu unaingia, masharti mengine ya kozi kama kawaida.

Binti Nansio: Kaka mama hana daftari lolote, hesabu nitatoa wapi? Na mbalamwezi ikiwa kali hakuna dagaa kabisa, niandike?

Mleta somo: Andika mdogo wangu, hilo ni la maana sana. Dagaa zinavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwahiyo hela ya mama inakuja kwa mafungu, na ada inadaiwa kwa tarehe. Mtu wa mjini hajui hilo. Kaa na mama kipindi kimoja cha giza, kila jioni muulize amenunua ndoo ngapi, bei gani, ameuza ngapi, zimeharibika ngapi kwa mvua. Hesabu ya kipindi kimoja ya kweli inatosha, sema tu ni ya kipindi kimoja. Nitumie rasimu nikusomee.

Binti Nansio: Asante kaka. Na mkopo wa Bodi niombe pia?

Mleta somo: Omba, majibu ya huku hayana uhakika. Ila kote utaje ulipoomba kwingine, tukikuta umeficha tunakuondoa.

Mabula wa Igoma: vyeti nimepiga picha kwa simu vinakubali?

Mleta somo: Picha yenye kivuli cha kidole haisomeki. Weka cheti mezani karibu na dirisha mchana, tumia programu ya kuskani, vyote viwe PDF moja yenye jina lako.

Mabula wa Igoma: sawa mkuu, chuo nimeshachagua, kozi nimeiona TCU

Mleta somo: Hapo sawa. Sasa njoo inboksi nikupe linki.