Umeokota kidude ndani ya gari kuukuu? Kitambue hivi

Gari likizeeka huanza kudondosha vitu: bolti chini ya zulia, kipande cha plastiki mlangoni, springi isiyo na mwenyewe. Wengi hukipiga picha kikiwa kiganjani na kuuliza, "Wakuu, hiki ni nini?" Picha ya hivyo imeshapoteza nusu ya jibu, kwa sababu haionyeshi kilikuwa kimelala wapi.

Hatua ya 1: Piga picha kabla hujakigusa. Kilichookotwa chini ya pedali, anza kukishuku ni cha breki, klachi, swichi zake au nguzo ya usukani iliyo juu yake. Kilicho ndani ya mlango karibu kila mara ni cha mashine ya kioo au cha kitasa. Chini ya kiti kuwa mwangalifu zaidi. Kwanza, ukifunga breki vitu vya nyuma huteleza kuja mbele, kwa hiyo huenda kimetoka kwa abiria. Pili, plagi ya njano ukiiona hapo ni ya mifuko ya hewa au mikanda. Usiichomoe kwa udadisi.

Hatua ya 2: Usikisafishe. Uchafu ni ushahidi. Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti, tofauti kabisa na oili ya injini. Gundi kavu ya bluu au nyekundu kwenye nyuzi za bolti maana yake kiwandani au gereji hawakutaka ilegee, na hilo lenyewe likutie wasiwasi. Upande unaong'aa ndio uliokuwa ukisuguana na kitu kingine. Upande wenye kutu ulikuwa wazi kwa maji. Kikiwa kikavu, hakina alama ya kufungwa wala kusuguana, inawezekana kabisa si cha gari hilo: wenye gari waliotangulia huacha humo hadi skrubu za samani.

Hatua ya 3: Sumaku na kichwa cha bolti. Sumaku ikishika, ni chuma cha kawaida. Isiposhika, fikiria aluminiamu, shaba au aina fulani za chuma kisichoshika kutu. Kwenye vichwa vya bolti nyingi utaona 8.8 au 10.9. Hicho ni kiwango cha uimara, si saizi. Bolti ya 10.9 haikuwekwa kushikilia kava la plastiki. Ukiiokota, gari lisitembee mpaka tundu lake lipatikane.

Hatua ya 4: Soma maandishi. Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema, na ndipo penye utajiri. Plastiki hubeba jina la malighafi yake: PA66-GF30 ni nailoni yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo, inayovumilia joto, kwa hiyo angalia kwanza chini ya boneti. PP (polipropilini) peke yake ni ya kawaida sana kwenye mapambo ya ndani. Kiduara chenye mshale ni tarehe ya kutengenezwa: katikati mwaka, mshale unaonyesha mwezi. Mwaka huo ukiwa mpya kuliko gari, kuna mtu alishabadilisha kitu hapo.

Namba ndefu ni bora zaidi. Kwa Toyota, tarakimu 5 za mwanzo zinataja aina ya kifaa na zinazofuata zinataja kinaingia gari gani: 04465 ni pedi za breki za mbele. Chukua namba hiyo pamoja na namba ya chesisi, fungua katalogi ya spea, tazama mchoro.

MASWALI YA WANACHAMA

Mimi nimekuta vipande vinavyomeguka kama biskuti chini ya pedali ya breki, na asubuhi betri imelala. Vinahusiana?
Sana. Hicho ni kizibo kidogo cha plastiki au mpira kwenye mkono wa pedali, kinachobonyeza swichi ya taa za breki ukiwa hujakanyaga. Kikivunjika, ncha ya swichi hupenya tundu na taa huwaka usiku kucha. Kwenye baadhi ya otomatiki, gia hutoka P (ya kuegesha) bila kukanyaga breki. Weka kizibo kipya. Bolti fupi yenye nati ikibana tundu hilo itakufikisha, lakini ikaze kweli.

Namba niliyosoma haipo kwenye katalogi kabisa.
Kama imejitokeza kwenye chuma chenyewe, huenda ni namba ya kalibu (umbo lililomiminiwa chuma hicho), ambayo mara nyingi hailingani na ya spea. Au namba ilishabadilishwa na mpya. Tafuta kwa mchoro badala ya namba.

Bolti imebaki juu ya injini baada ya sevisi, gari linakwenda vizuri. Nitupe?
Hapana. Anza na kilichofunguliwa siku hiyo: nyumba ya filta ya hewa, kava la chini.

Springi imeruka nilipofungua dramu ya breki ya nyuma, sijui ilikaa wapi.
Ndiyo maana hufunguliwa upande mmoja kwa wakati. Fungua sasa upande wa pili, unakili, ukikumbuka kwamba mpangilio wake ni wa kioo: kilichoelekea mbele kulia kinaelekea mbele kushoto. Skrubu za kurekebishia usizichanganye, kwani kwenye magari mengi nyuzi za upande mmoja huzunguka kinyume.