Kulinganisha deki mbili za LaserDisc
Unapolinganisha deki mbili za LaserDisc (diski kubwa za zamani za video, zinazosomwa kwa leza), tumia diski ileile na upande uleule, kwa sababu vidoa vinavyometameta kwenye picha mara nyingi hutokana na tabaka la alumini lililoharibika ndani ya diski, wala si ubovu wa leza.

Jambo kubwa zaidi ni waya. Picha ya LaserDisc imerekodiwa kwa mfumo wa kompositi, yaani rangi na mwanga vimechanganywa pamoja; ukiunganisha kwa S-Video (waya unaopitisha rangi na mwanga kila kimoja peke yake), deki ndiyo inayovitenganisha, ilhali kwa waya wa kompositi kazi hiyo hufanywa na televisheni, ambayo mara nyingine huifanya vizuri kuliko deki ya zamani. Jaribu njia zote mbili, ukitazama shati lenye mistari myembamba: penye utenganishaji hafifu, mistari hiyo hucheza rangi za upinde wa mvua.