Namna ya Kupanga Alama na Kanuni za Kazi Zilizochelewa katika Kozi ya Kanzidata

Mhadhiri wa kozi ya kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa kwa majedwali, aandike kanuni za alama kabla muhula haujaanza, kwa sababu kazi za kozi hii hushikana: anayechelewesha mchoro wa uhusiano wa data huchelewesha majedwali, na asiye na majedwali hana cha kuhoji kwa SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali. Ikiwa tathmini endelevu ina alama 40 na mtihani wa mwisho 60, mgawanyo uliozoeleka nchini Tanzania, ningetenga 20 kati ya hizo 40 kwa mradi mmoja unaokamilishwa kwa hatua, 10 kwa mazoezi ya SQL na 10 kwa jaribio.

Mradi utokane na mahali ambapo wanafunzi wanaweza kwenda kuuliza. Kwa walio Tanga, mnada wa samaki pale Deep Sea unafaa sana. Chombo kimoja cha uvuvi huweza kuwa na wamiliki kadhaa, na mmiliki mmoja akawa na vyombo kadhaa. Kwa hiyo anayerundika majina ya wamiliki wote katika safu wima moja ya jedwali, yakitenganishwa kwa mkato, apunguziwe alama za usanifu hata kama programu yake inafanya kazi. Maswali ya SQL nayo yasisahihishwe kwa kutazama jibu tu. Yaendeshwe upya juu ya data ambayo wanafunzi hawajaiona, yenye chombo kilichorudi pwani bila samaki. Iwapo ripoti ilitakiwa kuorodhesha vyombo vyote na hicho kimetoweka, huenda mwanafunzi alitumia muunganisho wa ndani (unaoleta tu vyombo vyenye rekodi ya samaki) palipohitajika wa kushoto (unaobakiza vyombo vyote), na jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi kwa bahati.

Siku ya mwisho itajwe bila utata. "Saa 6 usiku wa Ijumaa" huzua mabishano, kwani wapo wanaoelewa usiku wa kuamkia Ijumaa. Afadhali Alhamisi saa 10 jioni, wakati ambapo fundi wa mfumo bado yuko kazini. Seva nayo ifuate saa za Afrika Mashariki, maana ikibaki kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kazi iliyowasilishwa saa 12 jioni itasomeka saa 9 alasiri, kana kwamba imewahi.

Kwa kila siku ya kuchelewa kata asilimia 10 ya alama kamili, kwa siku 3 tu. Siku ya nne toa usanifu wa mfano ili waliokwama waendelee na hatua inayofuata. Kazi za hatua iliyopita hazipokelewi tena. Ugonjwa na msiba vishughulikiwe kwa kila mhusika. Umeme ukikatika mji mzima, muda usogezwe kwa wote.

Kumbukumbu ziwekwe katika jedwali lenye alama ghafi, muda wa kuwasilisha na udhuru uliokubaliwa. Alama baada ya makato isihifadhiwe, bali ikokotolewe kwa swali la SQL, ili udhuru ukikubaliwa baadaye alama ijirekebishe bila mtu kuigusa.