Umeshona mkanda wako mwenyewe, sasa watu wanataka kununua: jinsi ya kufanya ngozi iwe biashara ya pembeni

Inaanzaga hivi. Umekaa jumamosi umejishonea mkanda, jumatatu umeuvaa kazini, dada wa mapokezi anakuuliza umeutoa wapi, unamwambia nimeshona mwenyewe, anacheka anadhani utani, afu kesho yake anakuja na elfu 15 mkononi, na mimi nishonee wa mume wangu. Hapo ndo biashara imezaliwa, na hapohapo ndo inaanza kuumwa, kwa sababu hiyo elfu 15 umeipokea bila kujua kama ni faida au ni hasara.

Mimi niko Dar, mchana nina ajira, ngozi ni kazi ya usiku na jumamosi. Nilichojifunza ni kwamba ufundi karibu kila mtu anaupata akivumilia, kinachowashinda wengi ni mambo mawili tu, kushona kila kitu anachoombwa, na kuogopa kutaja bei. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yangu itakuwa hapo.

Chagua kitu kimoja kwanza. Najua unaweza kushona pochi, begi la laptop, makubazi, kava la paspoti na kola ya mbwa, lakini kila kitu kipya kinataka patani yake (kielelezo cha kukatia), vifaa vyake na makosa yake, na makosa ya ngozi huwezi kuyafumua kama kitambaa, ukishatoboa tundu limebaki hapo milele. Mimi nawashauri watu waanze na mkanda. Hauna bitana, hauhitaji cherehani, ukitumia ribiti (vipini vya chuma vya kugongelea) kwenye bizimu unaweza hata usishone kabisa, kila mwanaume anao na kila mwanaume wake umechakaa. Na vipande vinavyobaki unatoa vishikio vya funguo na vipochi vya kadi, hivyo ngozi haitupwi.

Sasa ngozi yenyewe. Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya viatu utaikuta inauzwa kwa futi za mraba, na utachanganyikiwa maana zote wanakwambia ni orijino. Kuna aina mbili za kujua. Ya kwanza imelainishwa kwa kemikali ya kromu, hiyo ni laini, inavumilia maji, nzuri kwa mabegi na viatu, na ukikata ukingo mara nyingi katikati unaona kaukijivu au kabluu. Ya pili imelainishwa kwa dawa ya magome ya miti, kama ile inayotoka kwenye miwati ya kule Njombe, hii ni ngumu, ina harufu yake nzuri ya mti, ukidondosha tone la maji linazama na pale panakuwa peusi kidogo. Ya mkanda ni hii ya magome, kwa sababu inasimama yenyewe na ukingo wake ukiulowesha kidogo, ukapaka sabuni ya kipande na kuusugua kwa kitambaa cha jinzi, unang'aa kama umepigwa vanishi. Ya kromu utasugua mpaka asubuhi na haing'ai.

Unene wa mkanda uwe milimita 3 mpaka 4. Ikiwa chini ya hapo mteja atarudi baada ya miezi mitatu umejikunja kama utepe. Na uliza hicho kipande kimetoka sehemu gani ya ng'ombe, mgongoni ndo ngozi imekaza, tumboni ngozi inavutika, mkanda wa tumboni leo ni saizi yake, mwezi ujao anatafuta msumari atoboe tundu jingine. Igeuze pande zote mbili juani kabla hujalipa. Ngozi zetu zina makovu mengi, chapa za moto, kupe, miiba, halafu na visu vya wachunaji wenye haraka, na muuzaji anajua kuikunja kovu liende kwa ndani. Kovu dogo sio ubaya, kuna wateja wanalipenda, ila mkato wa kisu upande wa nyuma ndipo mkanda utakapokatikia.

Vifaa usinunue seti nzima ya vipande 40 kutoka China kisa ina picha nzuri, nusu yake hutaigusa. Kisu kikali chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma ya mita moja, panchi ya matundu, chuma chenye meno cha kutobolea mshono wa milimita 4, sindano mbili butu, uzi wa poliesta, nyundo ya mbao au ya plastiki, msasa, na nta ya nyuki ya kupaka uzi (ya Tabora ipo na inatosha kabisa). Basi. Mshono wa mkono wa sindano mbili, uzi mmoja una sindano kila mwisho na zote zinapita tundu moja kwa kupishana, una faida moja kubwa ya kumwambia mteja: uzi ukikatika sehemu moja mshono uliobaki haufumuki kama wa cherehani. Hiyo ni kweli na inauza.

Kuhusu saizi, usimuulize mtu anavaa suruali namba ngapi, namba za suruali zinadanganya sana. Mwambie achukue mkanda anaouvaa sasa, apime kuanzia pale ulimi wa bizimu unapoanzia mpaka kwenye tundu analotumia. Akisema sentimita 90, hilo linakuwa tundu lako la katikati, unatoboa matano yaliyoachana sentimita 2 na nusu, unaacha mkia kama sentimita 15 baada ya tundu la katikati na sentimita 8 za kukunja kwenye bizimu. Jumla 113, wewe kata 116 maana mkono huwa unateleza. Upana sentimita 3.8 kwa suruali ya jinzi, 3.2 kwa suruali ya ofisini. Ukishaandika hivi vipimo kwenye kadibodi, umepata patani ya maisha.

Twende kwenye bei, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo niliumia.

Mwaka wa kwanza nilipata oda ya mikanda 30 ya kamati ya harusi, nikaruka kwa furaha, elfu 15 kila mmoja, laki 4 na nusu, nani ananipata. Nikashona wiki tatu usiku mpaka vidole vikawa na matobo. Siku nimekaa na daftari nikagundua material peke yake ilikuwa kama elfu 11 kwa mkanda, ikabaki elfu 4 kwa kazi ya masaa matatu, maana nilikuwa bado mzito. Hapo sijatoa nauli ya kwenda Kariakoo mara nne, na ngozi niliyokosea kukata niliinunua tena kwa mshahara wangu. Kwa hiyo mimi ndo nilichangia ile harusi kuliko ndugu wa bwana harusi, afu hata kadi sikupata.

Hesabu ifanye hivi, namba ni za mfano, weka za kwako. Mkanda wa upana wa sentimita 4 na urefu wa 120 ni sentimita za mraba 480, futi moja ya mraba ni 929, kwa hiyo unakula kama nusu futi. Tuseme futi ni elfu 9, nusu ni elfu 4 na mia 5, lakini ngozi sio karatasi, ina mapengo na makovu, kwa hiyo ongeza theluthi ya hasara, sema elfu 6. Bizimu nzuri isiyopauka elfu 3. Uzi, gundi, nta, rangi, buku. Kifungashio buku jingine. Hiyo ni elfu 11. Masaa mawili ya kazi, jipangie mshahara, tuseme elfu 5 kwa saa, elfu 10. Elfu 2 ya nyembe, bando, nauli. Umefika elfu 23, na hapo faida bado, hiyo ni gharama tu, maana wewe ni mfanyakazi wa biashara yako na lazima ulipwe hata kama bosi ni wewe mwenyewe.

Uza elfu 35. Utaogopa, najua, utasema nani atanunua mkanda elfu 35 wakati mitumbani kuna wa elfu 5. Yule wa elfu 5 sio mteja wako, muache aende kwa amani. Na kuna sababu nyingine ya kuweka 35: siku duka la zawadi kule Masaki likikwambia lete bidhaa tukuuzie tunachukua asilimia 30, utabakiwa na 24,500, bado umesimama. Ungeanza kuuza 25 ungebakiwa na 17,500, yaani unalilipa duka kwa kuuza jasho lako.

Malipo ya awali ni nusu, bila nusu sigusi kisu. Hii sheria itakugombanisha na ndugu na washkaji, shangazi atakwambia siku hizi umekuwa mwarabu wa duka, vumilia. Mtu asiyelipa nusu mara nyingi hata ukimaliza haji kuchukua, na mkanda ulioandikwa jina lake utamuuzia nani? Kuwa na "lipa namba", ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, inasaidia sana kwa sababu mtu anaona ni biashara kweli, hakutumii tu kwenye namba yako ya kawaida na kusema ntamalizia mwisho wa mwezi.

Wateja wa kwanza watatoka kazini, kanisani au msikitini, na kwenye status ya WhatsApp. Picha piga karibu na dirisha asubuhi, zima flashi, weka mkanda juu ya mbao au mkeka, piga na ukingo kwa karibu maana ukingo ndo unaomtofautisha fundi na mchuuzi. Video ya mikono inashona sekunde 20 inapata watu kuliko bango lolote la ofa. Ofa zenyewe usizizoee, ukishawazoesha watu punguzo watakuwa wanasubiri punguzo. Kifungashio tumia bahasha ya kaki au kimfuko cha kitenge, mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata isingepigwa ngozi ikikaa kwenye plastiki kwa joto la Dar inaota ukungu ndani ya wiki. Ngozi ya stoo pia, ifunge kwenye khanga kuukuu, iweke juu, mbali na ukuta wenye unyevu.

Kitu kingine, usiweke ngozi ya magome ikiwa imelowa igusane na chuma chenye kutu, itatoka madoa meusi ambayo hayafutiki. Ila hilohilo kosa ni rangi ya bure: loweka misumari yenye kutu kwenye siki siku kadhaa, chuja, paka, ngozi inageuka nyeusi tii bila kununua rangi ya dukani. Jaribu kwenye kipande kwanza.

Atakuja mtu na ngozi ya chatu au mamba aliyoitoa anapojua yeye, anataka mkanda na atalipa vizuri. Kataa. Bila vibali hizo ni nyara za serikali, na wewe ndo utakutwa nazo mezani, yeye atakuwa ameshazima simu.

Makaratasi usiyakimbie lakini usianze nayo. Shona, uza kumi ishirini, uone kama watu wanarudi. Wakirudi, chukua TIN pale TRA, haiuzwi, sajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, halafu ulizia leseni halmashauri. Ukitaka kusoma vizuri zaidi kuna kampasi ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kule Mwanza ambayo zamani ilikuwa chuo cha ngozi, na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nao wana mafunzo kwa wajasiriamali wadogo. Daftari la hesabu lianze siku ya kwanza hata kama ni la shule la mtoto, safu tatu tu: hela iliyoingia, iliyotoka, masaa. Hiyo ya masaa ndo watu hawaandiki.

Na panga kikomo. Mimi ni mikanda 6 kwa wiki, ya saba inaenda wiki ijayo na mteja namwambia tarehe kabla hajalipa. Kuna kipindi nilipitisha mpaka 14, nikawa nasinzia kwenye kikao kazini, gundi nimepaka chumbani madirisha yamefungwa sababu ya mbu, kichwa kikaniuma siku mbili. Gundi ya viatu fungua dirisha, mbu washa feni.

Cherehani ya ngozi utaitamani mapema sana, kila mtu anaitamani. Kabla hujanunua tafuta fundi viatu mwenye mashine ya mkono hapo mtaani. Wangu yuko mtaa wa pili, vipochi vya kadi nampelekea ijumaa jioni vikiwa vimekatwa na kupakwa gundi, namlipa kwa kipande, jumapili mchana mwanae ananiletea kwenye ndoo.