Nyuki wamejenga darini: namna ya kuwahamisha bila kuwaua

Swali ninaloulizwa kila mara hapa Dodoma ni moja: "Mzee, nyuki wameingia darini, nipulize dawa gani?" Usipulize. Nyuki wakifa humo ndani hakuna wa kuyapepea masega, jua linachoma bati, nta inalainika na asali inashuka kwenye jipsamu. Halafu nyuki wengine wanakuja kuiba hiyo asali yenye sumu na kuipeleka kwenye mizinga ya watu.

Kundi lililoning'inia kwenye mwarobaini bila sega ni wapita njia, halina watoto wala asali ya kulinda. Weka watoto, mbwa na mbuzi mbali, usubiri siku moja mpaka tatu, mara nyingi linaondoka lenyewe. Somo hili ni la waliokwisha kujenga.

Hatua ya 1: Tafuta kiota kilipo. Alfajiri ya baridi, hasa Juni na Julai, panda juu ya meza uguse jipsamu taratibu kwa kiganja. Nyuki huwatunza watoto wao kwenye nyuzi joto 34 hadi 35, kwa hiyo jipsamu ya pembeni itakuwa baridi kama sahani, na penye kiota utahisi uvuguvugu. Sikilizia na mvumo. Zungushia penseli.

Hatua ya 2: Vifaa na watu. Vazi la kurinia la rangi nyeupe, kofia ya wavu, glovu na buti. Bomba la moshi lenye mavi makavu ya ng'ombe, maana moshi wake hauunguzi na haukatiki upesi. Kisu kirefu, ndoo yenye mfuniko, kamba laini, bawa la kuku la kufagilia nyuki, na tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu, rangi ambayo nyuki hawaioni vizuri. Mzinga uwe wa papi za juu, yaani vipande vyembamba vya mbao vinavyolazwa juu ya mzinga ili masega yaning'inie. Waambie majirani, uwe na msaidizi. Kama hujawahi kurina, mwite mrinaji au afisa nyuki wa wilaya, wewe ushike tochi kwa mbali.

Hatua ya 3: Kuhamisha. Zima umeme kwenye meni swichi. Giza likiingia na upepo ukitulia, puliza moshi kidogo tunduni, usubiri dakika chache wajishibishe asali. Nyuki aliyeshiba ni mpole kidogo. Kata jipsamu kwa kufuata alama yako.

Hapa usiwe na haraka. Sega la watoto ni zito, la moto na laini. Ukilibana linabonyea kama andazi lililotoka kwenye mafuta. Likate juu, lipokee kwa viganja viwili, ulifunge kwenye papi upande wa juu ukibaki juu. Yapange kwa mfuatano uleule. Sega la asali weka ndooni, ufunike. Ukiumwa utasikia harufu kama ya ndizi mbivu. Huo ni wito kwa wenzake, kwa hiyo puliza moshi palipoumwa. Wakianza kusimama kwenye mlango wa mzinga mikia juu, wakipepea mabawa, wanawaita wenzao, na mara nyingi malkia yumo. Acha mzinga karibu na tundu mpaka usiku wa kesho, kisha ziba mlango kwa wavu, uupeleke zaidi ya kilomita 3.

Hatua ya 4: Kwangua nta yote. Kwangu mwenyewe niliacha kipande kama kiganja kwenye kenchi, na mvua za Desemba zilipoanza kundi jingine likahamia. Osha kwa maji moto na sabuni, ziba nyufa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Nzuguni: Shikamoo mzee. Mwanangu akiumwa na nyuki anatoka vipele mwili mzima. Je, akae chumba kingine?

Marahaba mwanangu. Asiwepo nyumbani kabisa, na kabla ya hapo aonwe na daktari. Kuvimba palipoumwa ni kawaida. Vipele mwili mzima, midomo kuvimba au pumzi kubana ni hospitali saa hiyohiyo. Mwiba ukwangue upesi kwa kucha, maana unaendelea kuingiza sumu.

Mkulima wa Hombolo: Kilomita 3 za nini? Shamba langu la zabibu liko mita 500 tu.

Watarudi kwenye tundu la zamani, njia wanaijua. Wapeleke mbali kwa wiki tatu kwanza, ndipo uwarudishe shambani kwako.

Kijana wa Bahi: Mzee, wangu wamehama mzingani siku ya nne. Kivuli kipo, siafu hakuna.

Uliwafungia masega gani?

Kijana wa Bahi: Ya asali tu. Ya watoto nilimwagia kuku.

Basi walibakia kulea nini?