Kujitengenezea fimbo ya kuvulia: anza na iliyochakaa

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na fimbo ya futi 7 aliyoinunua mtumba. Ufito wake wa kaboni, yaani mwili wa fimbo yenyewe, ulikuwa mzima kabisa, ila pete tatu za kupitishia mshipi zilikuwa zimeliwa na chumvi, na ya nne kauri yake ilikuwa na ufa unaokata mshipi kila akirusha. Alitaka kuitupa. Tuliibandua kila kitu tukaijenga upya barazani kwangu, Kigamboni, na wiki hii ametoa nayo kolekole miambani. Hivyo ndivyo ninavyomshauri kila anayetaka kuanza: usikimbilie kuagiza ufito mpya kutoka nje. Chukua fimbo kuukuu yenye ufito mzima ujifunzie hapo. Ukikosea uzi au gundi, unakwangua na kuanza tena bila hasara kubwa.

Ufito mzima utaujuaje? Uvishe soksi nyepesi ya nailoni, uipitishe polepole toka mpini hadi ncha. Ikinasa mahali, hapo pana nyuzi zilizokatika, na fimbo hiyo iache. Halafu ikunje taratibu sikioni. Ukisikia kitu kinalia kama kijiti kikavu, iache pia.

Hatua ya 1: Kubandua pete za zamani

Chukua wembe mpya, ukate uzi juu ya mguu wa pete, yaani wembe ugote kwenye chuma. Usikate pembeni hata siku moja. Kaboni ikichunwa kidogo tu na wembe, siku samaki mkubwa akivuta fimbo inavunjikia hapohapo. Gundi iliyobaki ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, uikwangue kwa ukucha au kadi ya plastiki. Msasa uweke mbali.

Pete ya ncha haikufungwa kwa uzi, imegandishwa kwa gundi ndani ya kibomba chake. Ipashe kiberiti cha gesi sekunde chache, moto uguse chuma peke yake, kisha ivute moja kwa moja na koleo bila kuizungusha.

Hatua ya 2: Mpini

Kama kikalio cha rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi) hakichezi na mpini haujaoza, uache. Mpini ukiwa umeoza, kata viduara vya sponji ya ndala, vitoboe katikati, vipange na kuvibana kwa epoksi (gundi ya kuchanganya resini na hadena, yaani kigandishi chake), kisha visawazishe kwa msasa. Mkono ukilowa havitelezi. Wengine hupenda koki, ile ya vizibo vya chupa. Kwa uvuvi wa maji chumvi mimi siipendi, inanyofoka vipande.

Hatua ya 3: Pete zikae upande gani

Kila ufito una upande mmoja mkaidi kuliko nyingine, sisi huuita uti. Egemeza kitako sakafuni, shika ncha, bonyeza katikati kwa kiganja huku unauviringisha, utausikia ukiruka kutafuta pa kukaa. Wapo mafundi wanaopanga pete zote kwa kufuata uti. Mimi hutazama unyoofu: nauinua kama anayelenga bunduki, nauzungusha mpaka nione upande ambao hauendi kushoto wala kulia, hapo napiga alama kwa penseli nyeupe. Fimbo iliyonyooka inarusha sawasawa, na hilo ndilo mvuvi analiona kila siku.

Hatua ya 4: Nafasi za pete

Kwa fimbo ya rili ya kuning'inia, yaani inayokaa chini ya fimbo, hesabu takriban pete moja kwa kila futi, ukiacha ile ya ncha. Kwa futi 7 tuliweka saba. Ya kwanza, ile kubwa, tuliiweka sentimita 55 kutoka uso wa rili. Inayoifuata ncha, sentimita 10 kutoka nchani. Zilizobaki nafasi zake zipungue kidogo kidogo kuelekea ncha.

Hivyo ni vipimo vya kuanzia tu. Zishike pete kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi, pitisha mshipi, ufunge kwenye chupa ya maji ya lita moja, uinue fimbo mpaka ikunjike vizuri. Tazama kwa ubavu. Mshipi unatakiwa ufuate mkunjo wa ufito. Ukiona kati ya pete mbili mshipi umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo huku ufito umepinda, zisogeze hizo mbili zikaribiane. Tulizisogeza mara nne.

Hatua ya 5: Kufunga uzi

Kabla ya yote, noa ncha ya kila mguu wa pete kwa tupa ndogo mpaka iwe nyembamba kama ulimi wa kuku, ili uzi upande juu yake bila kuruka.

Chukua boksi la viatu, kata mabonde mawili kama herufi V, laza fimbo humo. Uzi wa nailoni upitishe katikati ya kurasa za kitabu kizito, uzito wa kitabu ndio utakaoukaza. Anza milimita 4 kabla ya mguu. Mizunguko mitano ya kwanza ipite juu ya ncha ya uzi wenyewe, kisha ikate ncha hiyo na uendelee. Ikibaki mizunguko minane, laza juu yake kitanzi cha mshipi mwembamba na uendelee kufunga juu ya kitanzi. Ukimaliza, kata uzi, tia ncha kwenye kitanzi, uvute kitanzi kitoke nayo chini ya uzi. Sugua kwa kitako cha kalamu laini hadi mianya ifungane.

Rangi, chagua nyeusi au bluu iliyokolea. Uzi mweupe ukipakwa epoksi unakuwa kama kioo, chuma chote kinaonekana.

Hatua ya 6: Kupaka epoksi

Kaa hapa. Hatua zote za juu zinarekebishika kwa wembe. Hii ndiyo iliyonila usiku kucha na siku nne za kusubiri, na ndiyo inayowakatisha tamaa wengi.

Epoksi ninayoizungumzia ni ile ya kupakia fimbo, inayokauka polepole na kubaki na unyumbufu. Ile ya kuunganishia ya dakika tano usiitumie kupakia. Inaganda brashi ikiwa bado mkononi, na baadaye inageuka njano na kupasuka.

Resini na hadena ni nusu kwa nusu, kwa ujazo. Tumia mabomba mawili ya sindano, moja la resini, moja la hadena, na uyaandike yasije yakabadilishana. Usichanganye chini ya mililita 3 kila upande, hata kama unahitaji kidogo tu. Kwenye kiasi kidogo, kosa la tone moja ni kubwa.

Koroga kwa kijiti dakika tatu hadi nne, polepole, bila kupiga povu. Tumia kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya maji. Vikombe vya karatasi vina nta, na nta ikiingia, epoksi inajikusanya vishimo vishimo.

Sasa sikiliza. Ukishakoroga, mimina mchanganyiko juu ya karatasi ya foili, uchukue kwa brashi kutoka hapo. Yaliyoganda kandokando ya kikombe yaache. Fimbo yangu ya pili niliona nitaharibu mali, nikakwangua kikombe kwa brashi. Pete nne za kwanza ziling'aa kama kioo. Tatu za mwisho zilibaki zinanata siku nne. Niliziweka juani, nikazisogeza karibu na jiko, hazikubadilika. Kilichokuwa ukutani mwa kikombe hakikuwa kimekutana na hadena ya kutosha. Na kwenye foili joto halijikusanyi, unapata muda zaidi wa kupaka. Kwenye nyuzi joto 30 za kwetu muda huo ni wa thamani.

Likikupata la kunata, usikwangue. Changanya epoksi mpya kwa vipimo sahihi, paka tabaka jembamba juu yake. Mara nyingi hukauka lote pamoja.

Vipovu vipitishie moto wa taa ya spiriti kwa mbali, sekunde moja moja. Kibatari hapana, masizi yake yanakaa ndani ya epoksi daima.

Fimbo lazima izunguke mpaka epoksi iache kutiririka, saa nne au zaidi. Mota ya sahani ya maikrowevu, mizunguko mitano au sita kwa dakika, inafaa sana. Inatumia umeme wa nyumbani, kwa hiyo mpe fundi akuungie. Umeme ukikatika, zungusha kwa mkono nusu duara kila dakika tano. Mimi na mpwa tulipokezana hadi saa sita usiku. Ukilala, asubuhi utakuta tumbo limening'inia chini ya kila pete.

Masika nisingepaka. Unyevu ukigusana na hadena, uso unabaki na ukungu mweupe. Kama huna budi, anza saa nne asubuhi umande ukishakauka, funga madirisha, zima feni kwa ajili ya vumbi.

Tabaka la kwanza liwe jembamba, liingie kwenye uzi. La pili siku inayofuata. Kisha iache saa 48 kabla ya kupitisha mshipi, na wiki nzima kabla ya kuipeleka miambani. Ukirudi, isuuze kwa maji baridi, hasa chini ya miguu ya pete, huko ndiko kutu inakoanzia.