Somo: Kulungu wa Wisconsin, kuanzia Jumamosi ya ufunguzi hadi meza ya Sikukuu ya Shukrani

Katika jimbo la Wisconsin, msimu wa siku tisa wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na hufungwa Jumapili inayoifuata. Katika siku hizo watu zaidi ya laki tano huingia porini kabla ya mapambazuko. Babu, wana na wajukuu hukutana katika kibanda kile kile cha mbao ambacho ukoo umekitumia kwa miaka mingi, na zipo shule ambazo hufungwa kwa sababu hiyo. Michigan wana tarehe yao isiyobadilika, 15 hadi 30 Novemba. Pennsylvania, tangu 1963, walifungua msimu Jumatatu baada ya sikukuu, hadi ulipohamishiwa Jumamosi mwaka 2019. Uhusiano wa nyama hii na sikukuu una mizizi mirefu zaidi ya hapo. Edward Winslow, mlowezi wa Kiingereza aliyekuwapo Plymouth, Massachusetts, mwaka 1621 kwenye sherehe ya mavuno inayohesabiwa leo kuwa chanzo cha sikukuu hii, aliandika katika barua yake kwamba Massasoit, chifu wa Wawampanoag, wenyeji wa huko, alikuja na watu wake wapatao 90, wakasherehekea pamoja kwa siku tatu, na kwamba wageni hao ndio waliokwenda kuua kulungu watano wakawaleta. Kuhusu ndege, ambaye leo mezani ni bata mzinga, barua hiyo inataja tu ndege wa kuwindwa bila kusema ni wa aina gani. Kwa hiyo nyama ya kulungu ina haki ya kukaa mezani siku hiyo kuliko vyakula vingi tulivyovizoea.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo tumewahi kupewa nyama hii na jirani au mfanyakazi mwenzetu, tukaipika kama ng'ombe, kisha tukalalamika kwamba ni ngumu na ina harufu kali. Ninaandika somo hili kwa sababu ninaamini nyama hiyo inasingiziwa. Mara nyingi harufu na ugumu hutokana na saa chache za kwanza baada ya risasi, na shahamu ambayo mpishi hakuiondoa. Mapishi huanza porini, na atakayechelewa pale hataokolewa na bizari wala pilipili jikoni.

Kabla ya Jumamosi

Leseni ni lazima, na kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye anatakiwa awe amehitimu mafunzo ya usalama wa uwindaji, isipokuwa anapowinda chini ya uangalizi wa karibu wa mwindaji mwenye sifa kwa mujibu wa sheria. Mavazi ya nje kuanzia kiunoni kwenda juu, pamoja na kofia, yawe angalau nusu yake ya rangi ya chungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa, ambayo iliruhusiwa mwaka 2016. Andaa pia kisu kifupi kikali, glavu, kamba, mifuko ya barafu na taulo safi. Ukiweza, chagua risasi za shaba badala ya zile zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, maana madini hayo hupasuka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyosambaa mbali na jeraha. Mwaka 2008 serikali ya North Dakota iliyashauri maghala ya chakula cha msaada yatupe nyama ya kulungu waliyopewa kwa sababu hiyo hiyo.

Saa ya kwanza

Ukishahakikisha mnyama amekufa na bunduki yako haina risasi, mlaze chali mahali penye mteremko, kichwa kikiwa juu. Kata kwa kisu kuzunguka tundu la haja ili utumbo uachane na nyama. Kisha pasua ngozi ya tumbo kuanzia chini ya kifua hadi kinena, ukitanguliza vidole viwili ndani ili kuinua ngozi, na makali ya kisu yaelekee juu, kwa maana ncha ikielekea chini itatoboa utumbo, na hapo ndipo harufu inayolaumiwa huzaliwa. Kata kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, ingiza mkono hadi shingoni ukate koromeo juu kadiri unavyoweza, kisha mlaze ubavu na uvute vyote kwa pamoja. Kibofu kishike kwa makini kisimwagike. Matezi yenye manyoya meusi yaliyo upande wa ndani wa miguu ya nyuma usiyaguse kabisa, na kama kisu kimeyagusa, kioshe kabla hakijagusa nyama.

Sasa shughulika na joto. Manyoya ya kulungu wa majira ya baridi ni mazito na huhifadhi joto hata hewa ikiwa ya baridi, na paja nene huweza kuharibika karibu na mfupa huku nje likionekana zima. Weka kijiti kati ya mbavu ili kifua kibaki wazi, na kama kipimajoto kinazidi nyuzi 4 za selsiasi, jaza mifuko ya barafu ndani ya mwili na umpeleke nyumbani siku hiyo hiyo. Usimfunge juu ya boneti ya gari ambako joto la injini hupanda, hata kama ndivyo picha za zamani zinavyoonyesha.

Usajili wa mnyama hufanywa kwa simu au kwa mtandao kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata.

Kipimo ambacho wengi hukiruka

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Tangu 2002 Wisconsin ina ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaosababishwa na protini iliyopotoka iitwayo prioni, ambayo huharibu ubongo wa mnyama na haifi kwa moto wa jikoni. Hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitika kuambukizwa kwa kula nyama hiyo, lakini Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kinashauri kwamba mnyama aliyepatikana na ugonjwa asiliwe. Idara ya maliasili ya jimbo hupima bila malipo: mwindaji hupeleka kichwa na sehemu ya shingo kwenye kituo cha kukusanyia sampuli, naye hujulishwa majibu baadaye.

Shida ni kwamba majibu mara nyingi huchukua zaidi ya wiki moja, na kutoka Jumamosi hadi Alhamisi ni siku tano tu. Kwa aliyewinda katika kaunti zenye ugonjwa, msimamo wangu ni mmoja: nyama ifungwe, iandikwe tarehe na namba ya usajili, igandishwe, na isubiri. Alhamisi pika nyama ya mnyama aliyekwisha kupimwa, kwa mfano wa msimu wa upinde unaoanza Septemba, na huyu mpya awe wa Krismasi. Jirani anayekwambia kwamba amekula miaka yote bila kupima hajakupa ushahidi wowote.

Jumapili hadi Jumatano: kupumzisha na kukata

Nyama ikigandishwa au kukatwa kabla ya mwili kulegea baada ya kukakamaa itakuwa ngumu hata ukiichemsha kutwa. Mtundike mnyama, au weka mapande yake kwenye jokofu, katika nyuzi 1 hadi 4, kwa siku tatu au nne. Baridi ya Novemba huweza kutosha ndani ya banda, lakini tumia kipimajoto, usikisie.

Unapokata, fuata misuli yenyewe. Paja la nyuma lina misuli kadhaa mikubwa inayoachana kwa vidole ukifuata utando uliopo kati yake. Sarara, ile minofu miwili mirefu inayolala pande zote za uti wa mgongo, hutoka nzima kwa kisu chembamba. Mabega, shingo na miundi ni nyama ya kupika polepole. Mnyama mwenye kilo 60 baada ya kutolewa matumbo atakupa takriban kilo 20 hadi 27 za nyama isiyo na mfupa, kutegemea risasi imepita wapi, kwa sababu nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha inatupwa.

Ondoa shahamu yote. Ya ng'ombe huongeza ladha, lakini ya kulungu huganda upesi, hunata kwenye kaakaa na hubeba ile harufu inayolalamikiwa. Ondoa pia utando mweupe unaong'aa juu ya sarara, kwani haulainiki kwa moto mkali.

Alhamisi: jikoni

Napendekeza vyakula viwili kutoka kwa mnyama mmoja, kwa kuwa sehemu zake hazifanani.

Bega huanza asubuhi. Kata kilo mbili vipande vikubwa, vikaushe, vitie chumvi na uvikaange katika mafuta hadi viwe na rangi ya kahawia pande zote. Vitoe, kisha kaanga vitunguu maji vitatu hadi vibadilike rangi, weka tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, bizari nzima, mdalasini, pilipili manga na nyanya. Rudisha nyama, mimina maji au supu hadi nusu ya kimo cha nyama, funika, na uweke ndani ya oveni yenye nyuzi 150 kwa saa tatu au zaidi, hadi nyama iachane kwa uma. Nyama hii haina mafuta yake, kwa hiyo usione haya kuongeza vijiko viwili vya samli.

Sarara husubiri hadi wageni wamekaa. Itoe kwenye jokofu mapema, ikaushe, itie chumvi na pilipili manga tu, kisha ikaange kwenye kikaango kizito kilichopata moto sana, ukiigeuza kila upande, na uimalizie ndani ya oveni. Wapishi wengi huitoa kipimajoto kinaposoma nyuzi 55 katikati, ingali nyekundu. Ushauri wa Idara ya Kilimo ya Marekani kwa nyama ya porini ni nyuzi 71, na wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wanapaswa kuufuata, kwa kuwa kulungu huweza kubeba vimelea vya toksoplasma. Iache ipumzike dakika kumi kabla ya kuikata.

Pembeni weka mchele wa porini, nafaka ambayo Waojibwe wa maziwa ya kaskazini huivuna kwa mitumbwi mwishoni mwa kiangazi. Huiva kwa dakika 45 hadi 50 na ladha yake ya moshi huipokea nyama hii vizuri kuliko viazi. Wisconsin huzalisha zaidi ya nusu ya kranberi zote za Marekani, yale matunda madogo mekundu yenye uchachu, basi chemsha gramu 340 za matunda hayo kwa kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha maji, pamoja na tangawizi, kwa dakika kumi hivi hadi yapasuke.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Milwaukee: Shikamoo mwalimu. Sisi ni Waislamu. Je, kulungu aliyepigwa risasi na mwenzangu wa kazini tunaweza kumla?*

Marahaba. Kulungu mwenyewe ni mnyama halali, na Kurani inaruhusu mawindo. Masharti yako kwa mwindaji: awe Mwislamu au mtu wa Kitabu, yaani Myahudi au Mkristo, na alitaje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua. Katika hadithi ya sahaba Adi bin Hatim, Mtume alimruhusu kula kilichotobolewa kwa ncha ya mshale na kumkataza kilichouawa kwa kugongwa na ubapa, na wanazuoni wengi wa leo huiweka risasi inayotoboa upande wa ncha. Akikutwa angali hai, achinjwe. Kwa kuwa aliyepiga ni mtu mwingine, mwulize sheikh wako juu ya tukio hilo mahsusi. Njia iliyo wazi zaidi ni mmoja wenu kuhitimu mafunzo na kuwinda mwenyewe.

*Kutoka Green Bay: Kaka, mimi si raia. Ninaruhusiwa kushika bunduki ya kuwindia?*

Kwa sheria ya shirikisho, mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa. Aliyeingia kwa viza ya muda amekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, mojawapo ikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na hati za ukaazi haruhusiwi kabisa, hata kuazima, na kosa hilo huweza kumfukuzisha nchini. Onana na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa silaha.

*Kutoka Madison: Dada zangu kanisani wanataka kuninunulia nyama. Niwauzie kwa bei gani?*

Usiwauzie. Kuuza nyama ya kulungu wa porini ni marufuku. Kuwapa bure kunaruhusiwa, na jimbo lina mpango wa kuchangia maghala ya chakula kupitia wachinjaji wanaoshiriki.

*Kutoka Minneapolis: Nyumbani tulilainisha nyama kwa papai bichi. Litafaa?*

Kwa sarara halifai, kwa sababu nyama yenyewe ni laini na papai litaigeuza uji upande wa nje. Kwa mishikaki ya paja, tumia kidogo sana na kwa muda usiozidi nusu saa.

*Kutoka La Crosse: Mimi nilipata bata mzinga wa porini. Nimwoke mzima kama wa dukani?*

Nisingefanya hivyo. Ndege huyo alitoweka Wisconsin katika karne ya 19 na akarejeshwa mwaka 1976 kutoka Missouri. Amekimbia na kuruka maisha yake yote, na miguu yake imejaa mishipa migumu. Tenganisha kidari, kiloweke usiku mmoja katika maji ya chumvi, ukioke hadi nyuzi 74. Miguu ipike kama bega la kulungu.

*Kutoka Madison tena: Na mifupa, naweza kuchemshia supu?*

Mifupa ya miguu, ndiyo, ikiwa majibu ya kipimo yameshafika na ni safi. Uti wa mgongo na kichwa usivitie chunguni kwa hali yoyote. Mabaki yote yafungwe na yapelekwe dampo lililoidhinishwa, wala usiyarudishe porini, kwa sababu prioni hudumu udongoni kwa miaka na kulungu wengine hula majani papo hapo.